Dakika Nne za Mtani

Kila asubuhi, kabla nyenzo hazijashikwa, ilikuwa lazima watukanane.

Siku hiyo alianza Kanali Luvanda, kwa kuwa jana yake alikuwa ameanza Nyamizi. Aliingia katika chumba cha nyenzo akipangusa umande kwenye koti lake, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa ameinamia vipimo vyake, akasema bila shaka panya wa Nyanda wamekwisha, maana mlaji wao amekonda. Nyamizi hakuinua kichwa. Alimjibu kwamba yeye anangoja tu siku Kanali atakapokufa, amzike, apewe kuku wa mtani, anenepe.

"Kwa tumbo hili kuku hatoshi," Kanali akasema. "Dai ng'ombe."

"Ng'ombe ni wa kuchimba kaburi. Kuku ni wa machozi ya uongo."

Wakacheka, kisha kila mmoja akaenda kwenye wenzo wake.

Kati ya wenzo mmoja na mwingine palikuwa na hatua ishirini. Waliojenga Kituo cha Idunda walizipima kwa makusudi, ili asiwepo mtu wa kuweza kuvuta nyenzo zote mbili peke yake. Wenzo wa mashariki ulikuwa wa mtu wa nchi ya Miinuko, kama Kanali, wa magharibi ulikuwa wa mtu wa nchi ya Nyanda, kama Nyamizi. Anayetangulia huvuta na kuushikilia chini, akipigana na springi yake, mpaka mwenzake naye avute. Akiuachia kabla ya hapo, minara yote arobaini iliyopangwa juu ya mgongo wa milima hurudi kulala, na kazi inaanza upya.

Wakavuta. Nje, minara ikanguruma taratibu. Kila mnara ulipeleka angani chaji ya umeme isiyoonekana kwa macho. Ikiwa chaji ni ya namna moja, matone ya mawingu hushikamana na mvua hunyesha papo hapo. Ikigeuzwa, matone hukimbiana na wingu huendelea na safari yake. Asubuhi hiyo waliligawa wingu dogo: robo kwa mashamba ya chai ya Miinuko, robo tatu kwa Nyanda. Kule Nyanda nako, katika mashamba ya vioo vya jua yaliyolisha minara hii nguvu, alisimama mtu wa Miinuko akiwa na wenzo wake. Mwenye mawingu hakuwa na jua, mwenye jua hakuwa na mawingu.

Huo ndio uliokuwa Mkataba wa Utani. Baada ya Vita vya Misimu Mitatu, wajumbe walijaribu mipaka na faini, vyote vikashindikana. Mwishowe mtu mmoja akakumbusha jinsi mababu walivyofanya: makabila yaliyopigana hadi kuchoka yaligeuka watani. Mtani hukutukana, huchukua kitu chako, hukuzika ukifa, na wewe hukasiriki. Wakaliandika hilo kuwa sheria, wakalifunga ndani ya chuma. Kifungu cha tatu kilisema kwa ufupi kabisa: Mtani hakasiriki.

"Leo ndiyo siku," Kanali alisema alipokuwa akifunga vifungo vya koti. "Leo kumbukumbu za wenzo zinafunguliwa. Utaniona humo. Mimi ndiye niliyewafungia mvua ninyi."

Mzaha huo ulikuwa mkongwe. Aliutoa siku ya kwanza Nyamizi alipowasili Idunda, miaka sita iliyopita, mbele ya mafundi wote waliojipanga kumpokea, na tangu hapo hakuuacha. Nyamizi alikuwa na jibu lake, naye hakulibadilisha.

"Kama ni wewe, basi niletee ndizi."

Saa sita ndizi zilikuwa juu ya meza yake, kama kawaida.

*

Nyamizi hakusomea anga shuleni. Alijifunza mwenyewe, katika ule mwaka wa tatu wa kiangazi cha vita, kwa chupa, uzi na unywele. Unywele wa binadamu hurefuka hewa ikiwa na unyevu na hufupika ikikauka. Ukiufunga kwenye kijiti chepesi, kijiti huonyesha mvua ilipo. Unywele aliotumia ulikuwa wa binti yake Kabula, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Kila alfajiri mtoto alikuja kuuliza kijiti kimesema nini. Kijiti hakikusema kitu. Siku ya mia mbili na sita tangu kitengenezwe, Kabula alikunywa maji ya dimbwi la ng'ombe, na siku ya mia mbili na tisa mama yake akamzika akiwa peke yake, maana watani wa kuzika walikuwa upande wa pili wa vita.

Kipimo kile alikuja nacho Idunda. Kilisimama dirishani, kando ya mitambo ya thamani kubwa, na mafundi walikwisha kuzoea kukiona.

Watu walidhani alifuata cheo. Alichofuata ni kumbukumbu. Chini ya ngozi iliyofunika kila wenzo kulikuwa na nyuzi zilizohisi kiganja: uzito wa kila kidole, joto, mtetemo. Wenzo haukusahau mkono uliowahi kuushika. Wakati wa vita wenzo ulikuwa mmoja tu, na mtu mmoja, siku moja, aliuvuta akaifunga mvua ya Nyanda. Mkataba ulizifungia kumbukumbu hizo kwa miaka kumi na mitano ili hasira zipoe, ukaagiza kwamba atakayezifungua awe mtani wa upande ulioumizwa, kwa kuwa mtani hakasiriki.

Alizifungua baada ya chakula, mlango ukiwa umerudishwa.

Mwaka ulikuwapo, siku ilikuwapo, saa pia. Saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi. Kisha mchoro wa kiganja: dole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete. Mahali pa kidole cha mwisho palikuwa peupe.

Kanali Luvanda hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kilibaki kwenye kinu cha miwa cha baba yake alipokuwa na miaka tisa. Kwa miaka sita Nyamizi alikuwa ameutazama mkono huo ukimega ugali katika sahani aliyochangia naye.

Hakukimbilia kuhukumu. Aliwaza kwamba vidole hukatika kwa wengi. Akatoa mchoro wa asubuhi ya leo, Kanali alipovuta wenzo wa mashariki, akauweka juu ya ule wa zamani. Ukalingana. Akatoa wa jana. Akatoa wa mwezi uliopita, wa siku Kanali alipokuwa na homa. Alilinganisha mara tisa, kila mara akiombea tofauti, na tofauti haikuja.

Kisha akatazama mstari wa mtetemo. Watu wote mkono huwatetemeka kidogo wanapovuta wenzo, hata wanapogawa wingu dogo. Mstari wa siku ile ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Kwa hiyo mkono wake haukutetemeka. Hilo ndilo aliloling'ang'ania. Hayo mengine angeweza kuyapima, kuyachambua, kuyapa muda. Lakini mkono haukutetemeka, na kitu kilichokuwa kimelala ndani yake kwa miaka kumi na mitano kikaamka, kikakaa kitako, kikamtazama.

Ndipo kengele ilipolia.

*

Dola ya Bandari haikuwa na milima wala vioo vya jua. Ilichokuwa nacho ni vishada: matanga makubwa yaliyorushwa juu kabisa angani, yakayasukuma mawingu ya bahari popote dola ilipotaka. Wakati Miinuko na Nyanda zilipokuwa zikiuana, Bandari iliziuzia zote mbili silaha. Zilipogeuka watani, ikachukia.

Mchana huo vishada mia mbili vilikuwa vimekusanya mvua ya mwezi mzima na kuielekeza kwenye Bonde la Ihanga, chini kidogo ya kituo. Bonde hilo lilikuwa jembamba kama mtaro, na ndani yake waliishi watu elfu tatu, pamoja na binti yake Kanali na watoto wake wawili. Kwa Idunda hiyo haikuwa kazi ngeni. Minara ingegeuzwa chaji, wingu lingekatazwa kunyesha, likaendelea magharibi mpaka tambarare za Nyanda, ambako nchi ni pana na kiu ni kubwa. Maji yaliyotumwa kuwaua hawa yangewanywesha wale.

Kanali aliingia akikimbia. Alivuta wenzo wa mashariki kwa mikono miwili, akaushikilia chini.

"Tayari!"

Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya wenzo wa magharibi. Mkono wake ulikuwa juu yake. Hakuvuta.

Nje mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya kijivu cha risasi, na matone ya kwanza yakapiga kioo. Kanali akageuza shingo. Akamwambia avute. Akamuuliza kama wenzo umekwama. Kisha akaona karatasi zenye michoro ya viganja mezani.

"Vidole vinne," Nyamizi alisema.

Dakika ya kwanza ilipita kwenye saa ya ukutani.

Kanali hakukana. Alichomjibu ndicho kilichomshangaza Nyamizi kuliko kukana.

"Lakini nilikwambia," alisema. "Siku ya kwanza ulipofika. Nilikwambia mbele ya watu wote, nawe ukacheka. Ukaniambia nikuletee ndizi. Nilikwenda chumbani kwangu nikalia, Nyamizi. Nikajua umenisamehe."

"Ulinitania."

"Ningekuambiaje tena? Utani ndio mahali pekee ambapo mtu wa Miinuko anaweza kumwambia mtu wa Nyanda jambo kama lile, na mtu asiuawe. Nililisema kila mwaka. Kila mwaka ukacheka."

Nyamizi aliisikiliza ile sauti, akaona miaka sita ikigeuka upande wake wa pili. Ndizi zote zile. Alikuwa amekula ndizi za kumzika mwanawe, akitafuna, akicheka, na aliyezileta alizihesabu kuwa msamaha. Walikuwa wamekula sahani moja, kila mmoja katika hadithi yake.

Dakika ya pili. Mvua ilikuwa sasa inamwagika. Chini bondeni mto ulianza kusikika.

Kanali aliongea haraka, akipigana na springi. Alisema aliagizwa. Alisema alikuwa kapteni wa miaka thelathini na mbili, na aliyekataa kabla yake alipigwa risasi uani. Alisema waliambiwa ni wiki mbili tu, kuwatisha. Yote hayo huenda yalikuwa kweli, na siku nyingine Nyamizi angeyapima moja moja. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye wenzo wa mashariki, kwenye ule mkono wa vidole vinne. Leo ulikuwa unatetemeka. Leo, kwa kuwa waliokuwa chini ni wake.

Na alifurahi. Hilo alilijua wakati ule ule, wala hakujidanganya baadaye. Alifurahi kumwona amefungwa pale na mikono yake mwenyewe: akiuachia wenzo, bonde limekwisha, asipouachia, hawezi kumfikia. Hatua ishirini. Wajenzi walipima vizuri.

"Mimi sina risasi uani," alimwambia. "Sina wa kuniagiza. Niko mwenyewe, nachagua."

"Vuta, mtani wangu."

"Usiniite hivyo."

Dakika ya tatu. Kijiti cha kipimo kilichokuwa dirishani kilikuwa kimeshuka mpaka mwisho wa ubao. Unywele wa Kabula ulikuwa umejaa maji kuliko ulivyopata kujaa siku zote za uhai wa mtoto yule.

Kanali alikuwa amekwisha kuacha kuomba. Kidevu chake kilikuwa kifuani, jasho likimdondoka, na bado hakuuachia wenzo. Nyamizi akamwambia aseme yale aliyoyasema asubuhi. Ayaseme vile vile.

Alielewa. Alijaribu, na mara ya kwanza, kwa mazoea tu, mdomo wake ukachukua ule upinde wa kutania, akakatisha. Akapumua. Akaanza tena, polepole, kama mtu anayesomewa hati akiirudia neno kwa neno.

"Mimi ndiye niliyewafungia mvua."

Hakuna aliyecheka.

Nyamizi akavuta. Saa ya ukutani ilionyesha dakika nne kamili.

*

Wingu liligeuka. Jioni hiyo Nyanda yote ilinyeshewa, na watu wa kule wakatoka nje na masufuria. Bondeni Ihanga mto ulipanda hadi kwenye vizingiti vya nyumba za chini, ukasita, ukarudi. Binti yake Kanali alipoteza mbuzi watatu.

Mtu mmoja alikufa. Aliitwa Kihwele, mzee mfuga nyuki aliyekaa peke yake pale mito miwili inapokutana. Mafundi walipima alama za maji kwenye ukuta wa kibanda chake, wakapiga hesabu: yalimfika kati ya dakika ya tatu na ya nne.

Ripoti iliandikwa na Kanali Luvanda. Ilisema wenzo wa magharibi ulikwama kwa sababu ya unyevu, na ukatiwa mafuta. Aliiacha juu ya meza ya Nyamizi ili aweke sahihi, akatoka. Nyamizi aliisoma mara mbili. Angependelea Kanali amshitaki. Angeweza kupigana na mashitaka. Mwishowe aliweka sahihi, na mara ile akakumbuka kwamba chini ya ngozi ya wenzo zile nyuzi zilikuwa na habari nyingine: mkono wa mwanamke, vidole vitano, umetulia bila kuvuta kwa dakika nne, mstari umenyooka. Mwaka ukiisha ingefungwa miaka kumi na mitano. Kisha mtani fulani wa Miinuko angekaa kwenye kiti kile, baada ya chakula, aifungue.

Mkataba ulimtaka azike. Kihwele alikuwa mtu wa Miinuko, na mtani wa Nyanda aliyekuwa karibu ni yeye.

Alimwosha. Alimvika. Alichimba pamoja na vijana wa bonde, akashuka kaburini kumpokea, kwa kuwa ndugu hawaruhusiwi. Hadi hapo mikono yake ilijua la kufanya. Lakini baada ya udongo kurudishwa watu walikaa kwenye majani, wakamtazama, wakingoja. Ndiyo sehemu ya mtani: kuwachekesha waliofiwa, kumsema marehemu, kusema lolote, ili kilio kipate pa kupumzikia. Dada yake Kihwele, kikongwe aliyejifunga blanketi, alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu kabla hajasikia kitu.

Kanali Luvanda alisimama nyuma ya watu wote, karibu na mizinga mitupu ya nyuki.

Nyamizi alianza na yale ya kawaida. Alisema marehemu alikuwa bahili mpaka nyuki wake walikuwa wakienda kuomba asali kwa jirani. Wakacheka. Alisema amemwosha, na tangu utotoni maji hayakuwahi kumwona hivyo. Wakacheka zaidi. Dada mtu alipiga goti lake kwa kiganja.

Kisha akalitazama kaburi, na watu wakadhani anatafuta utani mwingine.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema. "Niliushika wenzo nisiuvute. Dakika nne. Nilitaka nifanye hivyo."

Bonde zima likaangua kicheko. Vijana wakaegemeana. Yule kikongwe alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya blanketi, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba huyu kweli ni mtani, hawa walaji wa panya wanajua kuzika. Akainuka, akamkabidhi Nyamizi kuku wake, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Nyamizi alimtazama usoni akitafuta kama kuna kitu kimeingia. Hakikuingia. Hapo alijua jinsi Kanali alivyojisikia siku ile ya kwanza, na kujua huko hakukumlainisha hata kidogo. Kulimkera, kama kukuta nguo yako imevaliwa na adui na imemkaa vizuri.

Alimpakata jogoo, akapanda njia ya kurudi kituoni. Kanali ndiye mtu pekee ambaye hakuwa amecheka. Alikuwa amekuja hadi kwenye njia, kofia mkononi, macho mekundu. Alimngoja afike karibu, kisha akajaribu. Ilimgharimu, hata sauti ilionyesha.

"Mla panya wewe," alisema kwa upole. "Umepata kuku kabla sijafa. Umeniibia."

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, la miaka sita, nalo lingefungua kila kitu: sahani moja, ndizi, mtu wa kukuzika. Yeye naye hakuwa na mwingine wa kumzika.

Nyamizi alisimama. Akaweka miguu pamoja, akainamisha kichwa, kama mtu mdogo anavyomwinamia mkubwa asiyemjua.

"Shikamoo, Kanali."

Kanali alibaki ameshika kofia yake. Kule nyuma bado walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa akirudia ule utani wa dakika nne kwa mwenzake ambaye hakuusikia vizuri.

"Marahaba," alijibu mwishowe.

Nyamizi akampita. Kesho asubuhi kungekuwa na wingu la kugawa, naye angefika mapema, akashika wenzo wake, akamwamkia hivyo hivyo.